Mama Jora na Maongezi Yasiyo na Sauti

Atakaye kuzungumza na Mama Jora hana budi kwenda mbele yake, kusimama penye mwanga, na kumeza kwanza alichokuwa akitafuna. Watoto wa mtaani hufundishwa sheria hizo na mama zao kabla ya kutumwa kwake kuazima sindano. Akiitwa kwa nyuma hageuki, hata mwitaji apasuke mapafu. Lakini akisemeshwa kwa mbele, hata na mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara huku malori yakipita kati yao, hujibu neno kwa neno. Wageni wa mtaa humdhania mwenye maringo siku ya kwanza, na mchawi siku ya pili. Siku ya tatu huwa wamekwisha kuelezwa.

Masikio aliyaacha kiwandani. Ndivyo asemavyo mwenyewe, kama mtu anayesimulia alikosahau mwavuli. Daktari alipompa dawa ya matone, aliipokea kwa adabu, akasema kwamba sikio la kufa halisikii dawa, naye anayo mawili. Chupa ile ingali dirishani mwa chumba chake, haijafunguliwa.

Aliingia kiwanda cha nguo akiwa msichana ambaye hajamaliza kurefuka, akatoka humo mama mzima, siku kiwanda kilipofungwa. Jina la Mama Jora alilipata humo kabla hajazaa mtoto hata mmoja, kwa sababu jora la kitambaa lililotoka kwenye mtambo wake halikurudishwa na wakaguzi. Ukumbi wa kufumia ulikuwa mrefu kiasi kwamba mtu aliyesimama mwisho wake alionekana kama mtoto. Mitambo ilipangwa humo safu kwa safu, na kila mmoja ulirusha kibao chenye ncha za chuma, kilichobeba uzi tumboni, kutoka upande mmoja hadi wa pili na kukirudisha, na kila kilipofika kiligonga. Mtambo mmoja ukigonga hivyo, mtu husikia kishindo. Mitambo ya ukumbi mzima ikigonga kwa pamoja, husikii kitu tena. Mlio huingia kwa nyayo, hupanda magotini, na kukaa kifuani hadi jioni.

Katika mlio huo wafumaji, ambao karibu wote walikuwa wanawake, walijitengenezea lugha. Maneno yaliumbwa kwa midomo iliyofunguliwa sana, bila sauti, na mikono ikasaidia. Kushika ncha ya sikio kulimaanisha kwamba msimamizi anakuja. Kupitisha kidole begani kulimaanisha kwamba uzi umekatika. Kuzungusha kiganja kama afunguaye kitasa kulimaanisha: mwite fundi. Waliweza kusimuliana ndoto za jana, kusutana, kuwatongozea kaka zao na kumaliza ugomvi, mmoja akiwa safu ya kwanza na mwingine safu ya mwisho, bila kuacha kazi. Msichana mpya alifundishwa kuunga uzi kabla ya kufundishwa lugha hiyo. Lakini alihesabiwa kuwa mfumaji siku aliyocheka mzaha wa upande wa pili wa ukumbi kwa wakati wake.

Jirani yake mtamboni alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mwanya, ambaye midomo yake haikupumzika tangu geti lifunguliwe hadi lifungwe. Walimwita Chiriku, na hali hakuna aliyewahi kusikia sauti yake saa za kazi. Chiriku alikuwa na maoni juu ya kila kitu, hususan juu ya mafundi mitambo, na mmoja wa mafundi hao ndiye aliyekuja kuwa mume wa Mama Jora.

Mume huyo huitwa Bwana Spana hadi leo, ingawa spana zake ziko katika sanduku chini ya kitanda. Kazi yake ilikuwa kutembea kati ya mitambo na kuisikiliza. Aliweka ncha ya fimbo nyembamba juu ya chuma na ncha ya pili sikioni, akafumba macho, kisha akasema ni nati gani iliyolegea. Alikuwa akivaa pamba masikioni alipokuwa hafanyi kazi hiyo, ndiyo maana akasalimika na usikivu wa kumtosha. Lugha ya wafumaji hakuijua zaidi ya ishara mbili tatu za kazi. Mafundi hawakufundishwa, kwa kuwa nusu ya mazungumzo ilikuwa juu yao.

Siku ya mwisho ya kiwanda, Bwana Spana aliazima kamera ya video kwa shemeji yake na kuingia nayo ukumbini. Alipiga picha kwa vipindi, tangu zamu ilipoanza hadi umeme wa mitambo ulipozimwa, na hata baada ya hapo kidogo, mpaka betri ikaisha. Kanda ile ilikaa kabatini miaka mingi. Ilipoanza kuota ukungu, binti yao mkubwa aliipeleka ikahamishiwe katika diski ya nje, kiboksi cheusi cha ukubwa wa nusu tofali, chenye waya wa umeme na waya mwingine wa kuingia kwenye televisheni. Kanda yenyewe ilitupwa. Binti alipowakabidhi diski aliwaambia kwamba akiba haiozi, nao wakaona amesema kweli, kwa maana plastiki ile haikuelekea kuota ukungu.

Miaka ilivyozidi, ndivyo filamu hiyo ilivyozidi kuwa kitu kingine kwa Mama Jora. Wafumaji wenzake walitawanyika, kila mmoja akafuata watoto wake. Chiriku aliugua, akafariki. Usikivu uliobaki nao ukaondoka polepole. Watu wa nyumba na mtaa walimpenda, lakini hawakuwa na midomo ya kiwandani: walizungumza na meno yamebanwa, au wakitazama simu, au huku wakienda jikoni. Wajukuu walijitahidi kwa sentensi moja, ya pili wakasahau. Basi alasiri, vyombo vikishaoshwa, Mama Jora alivuta kiti karibu na televisheni, akawasha diski, akakaa na watu waliomtazama usoni na kufungua midomo. Aliwajibu. Mtu aliyepita dirishani angeweza kumwona akipitisha kidole begani, akitikisa kichwa, akicheka. Bwana Spana alikaa nyuma yake kwenye kochi, sauti ya mitambo ikiwa chini, akisinzia kama mtoto anayebembelezwa. Binti yao alisema wazazi wake ndio watu pekee duniani wanaolala usingizi kwa kelele na kupiga soga na televisheni.

Kisha siku moja umeme ulikatika asubuhi, ukarudi mchana kwa kishindo. Taa ya sebuleni iling'aa kama ya kituo cha mafuta, ikapasuka. Mama Jora alikuwa kwa jirani. Bwana Spana alinusa kitu kilichoungua nyuma ya televisheni, akakuta adapta ya diski, yaani kile kidude kinachopunguza umeme kabla haujaingia, imevimba na kuwa nyeusi.

Mtu mwingine angeacha hapo na kuita msaada. Lakini Bwana Spana alikuwa na kanuni ya miaka yote ya kazi: mashine isiyoitika iamshwe, isikilizwe, iamshwe tena, asiyeisikiliza mashine ataifungua mahali pasipouma. Akatafuta katika droo adapta nyingine ambayo ncha yake iliingia katika tundu la diski. Iliingia vizuri, kwa kuwa ilikuwa ya printa ya binti yake. Akachomeka, akaweka diski sikioni, akawasha. Akazima, akawasha. Aliendelea hivyo kwa utulivu na uangalifu wote aliokuwa nao, mpaka pakawa hakuna cha kusikiliza.

Mama Jora aliporudi na kuvuta kiti chake, mumewe alimwambia kwamba televisheni inahitaji kupumzika siku chache.

"Sema tena," alisema Mama Jora. "Unitazame."

Akasema tena.

"Midomo yako inakwenda upande. Diski imefanya nini?"

Njia ya mwongo ni fupi, na kwa mwongo aliyeoa mfumaji haifiki hata mlangoni. Alimweleza yote. Mkewe hakumgombeza. Alichukua diski, akaifuta kwa upindo wa kanga yake taratibu, kona kwa kona, kama afutaye uso wa mtoto. Baada ya muda akauliza, "Yupo mtu wa kuwatoa humo?"

Hakusema kuitoa filamu. Alisema kuwatoa. Bwana Spana amesimulia mara nyingi kwamba neno hilo lilimchoma kuliko matusi ambayo angestahili.

Mtu huyo alipatikana orofani, juu ya kibanda cha mchonga funguo. Alikuwa mwanamke kijana aliyepandisha miwani kwenye nywele, na chumba chake kilikuwa na meza moja, taa yenye kioo cha kukuzia, na rafu za diski zilizokufa, zimepangwa kama vigae. Feni ilikuwa imezimwa ingawa joto lilikuwa kali. Akawaomba radhi, akaeleza kwamba vipuri vingine anavyogusa ni vidogo kuliko punje ya mchele, vikipeperuka ndiyo safari. Alizungumza ameinamia diski. Mama Jora aligonga meza kwa kidole.

"Mwanangu, inua uso. Nasikia kwa macho."

Kijana akainua uso, na tangu hapo hakuuinamisha bila kukumbuka. Akamgeukia Bwana Spana kumuuliza habari za ajali, kama daktari anavyouliza kabla ya kushika mgonjwa.

"Babu, baada ya umeme kurudi uliwasha mara moja tu?"

"Mara kadhaa. Nilikuwa nasikiliza."

"Ukasikia nini?"

"Ilikohoa."

"Halafu?"

"Halafu haikukohoa tena."

Aliiomba ile adapta ya printa, akasoma maandishi yake madogo. Kisha akaeleza bila kupaka mafuta. Umeme uliorudi kwa kishindo uliua adapta ya kwanza, na adapta ilipokufa iliikinga diski. Diski yenyewe ilikuwa nzima. Kilichoiunguza ni hii ya pili, inayotoa umeme mwingi kupita kiasi. Tena kule kuwasha na kuzima kuliufanya mkono mdogo wa ndani, ambao husoma sahani zinazozunguka bila kuzigusa, uziguse.

Bwana Spana aliuliza kama angeiacha ingekuwaje. Kijana akamtazama Mama Jora, akasema kwa upole kwamba maji yakimwagika hayazoleki, lakini yeye kazi yake ni kutafuta sakafu iliyobaki na unyevu. Hakuahidi kitu. Alisema atahitaji bodi ya chini, ile inayopokea umeme, kutoka diski nyingine ya aina ileile, iliyotoka kiwandani wakati uleule, kisha atahamisha chipu moja ndogo kutoka bodi iliyoungua, kwa sababu kila diski huandika humo ulemavu wa sahani zake yenyewe, na bodi ya mwenzake haiujui.

Hapo Bwana Spana alielewa kuliko alivyopenda. Alisema hata mitambo ya kufuma ilikuwa hivyo: miwili imetoka sanduku moja, lakini mmoja unataka karatasi chini ya mguu na mwingine hautaki. Kijana akacheka, akasema ndivyo hasa.

Kisha kukawa na kusubiri. Televisheni ilifunikwa kitambaa. Mama Jora alishona vilivyochanika na ambavyo havijachanika. Alijaribu kwenda kukaa na majirani alasiri, nao walimkaribisha kwa moyo mmoja. Lakini maongezi ya sebuleni huruka kutoka kochi hadi kochi, na kila alipogeuza macho kumtafuta msemaji, msemaji alikuwa amekwisha kuwa mwingine. Siku moja wote waliangua kicheko. Naye akacheka, kwa kuchelewa kidogo. Alimaliza chai yake, akashukuru, akarudi nyumbani mapema, na kesho yake hakwenda.

Bwana Spana aliyaona hayo. Akawa mtu wa kuchomoa nyaya ukutani kila taa ilipopepesa, hata ya jokofu, mpaka maziwa yakaharibika. Alipanda ngazi za kibanda cha mchonga funguo mara kwa mara, akasimama mlangoni na kofia mkononi, hadi kijana akamwambia kwamba babu akija tena kesho atamwajiri. Alikuja. Akapewa kikombe cha skrubu ndogo atenganishe fupi na ndefu, akaridhika na kazi hiyo kuliko kukaa nyumbani na kile kitambaa juu ya televisheni. Ndiyo maana alikuwapo bodi ilipopatikana, kutoka diski ya ofisi moja iliyovunjwa. Aliona chipu ikilehemiwa. Aliona diski ikiwashwa mara moja, moja tu, na kuachwa izunguke, kijana akiwa ameweka kiganja juu yake. Aliomba yeye aweke sikio. Alikataliwa.

Baada ya diski kusomwa polepole hadi mwisho wake, wote wawili waliitwa. Kijana aliwaambia habari mbili. Picha zimetoka, isipokuwa sehemu ambazo sahani ilikwaruzwa. Lakini zimetoka vipandevipande, havina majina wala mfuatano, kama jora lililokatwa na kutupwa kapuni. Na sauti haikupatikana hata kidogo. Alipofika hapo aliomba msamaha.

Mama Jora alimsoma hadi neno la mwisho, akashangaa. "Sauti ya nini, mwanangu?"

Aliyeinama ni Bwana Spana. Mlio ule ulikuwa wake. Katika mlio ule alijua huu ni mtambo wa nguzo ya tatu, huu ni wa karibu na mlango, huu unataka mafuta. Na ukumbi wenyewe ulikuwa umebomolewa zamani, pamejengwa maghala. Alivuta kiti akamwekea mkewe mbele ya kompyuta.

Kijana alikuwa amepanga vipande kwa kubahatisha, akitazama mwanga wa madirishani. Mama Jora aliangalia viwili, akanyoosha mkono. Hiki kiende mbele ya kile. Kijana akauliza amejuaje, maana vyote vinaonyesha wanawake walewale, mitambo ileile.

"Huyu hapa anauliza kama nimekula," alisema Mama Jora. "Jibu nimelitoa kule."

Hivyo ndivyo filamu ilivyoungwa. Aliwasoma wenzake mmoja mmoja, akiufuata usemi ulipokatikia na kuutafuta mwanzo wake katika kipande kingine, na kijana akavuta vipande kwenye skrini mahali alipoelekezwa. Mengine aliyakumbuka kwa kuyaona miaka yote. Mengine aliyasema kwa sauti ili kijana aelewe, kwa sauti ile ya viziwi isiyojua ukubwa wake, hata mchonga funguo wa chini akaacha kuchonga ili asikilize. Kwa mara ya kwanza Bwana Spana alisikia yaliyokuwa yakisemwa katika filamu aliyoipiga mwenyewe. Kumbe yule mama wa safu ya pili, ambaye yeye alidhani anamwombea heri, alikuwa akiisema suruali yake. Kumbe lile kundi la karibu na nguzo lilikuwa likishindana nani atalia kwanza, na wote walishindwa.

Kikafika kipande ambacho Chiriku anatazama kamera, anazungusha kiganja kama afunguaye kitasa, na safu nzima inacheka.

"Hapo ananisalimia," alisema Bwana Spana.

Mama Jora alisogeza mkono kuonyesha kwamba kipande kiende tu. Kijana akauliza kinafuatiwa na kipi. Mama Jora akasema ni maneno ya zamani. Kijana akasema, kwa heshima zote, kwamba bila maneno hayo hajui pa kukiweka.

"Anasema," Mama Jora alianza, akavuta kanga begani, "anasema, 'Fundi amerudi mtambo uleule. Leo nani atamlegezea nati?'"

Ni lazima msomaji aelezwe kwamba mtambo wa nguzo ya tatu, ambao mfumaji wake alikuwa Mama Jora, ulikuwa fahari ya maisha ya Bwana Spana. Kabla ya ndoa yao ulikuwa ukiharibika karibu kila zamu, fundi mwingine yeyote akashindwa kujua ugonjwa wake, yeye peke yake akaujulia. Vijana wote aliowafundisha kazi walisimuliwa habari ya mtambo huo, kwamba chuma nacho kina wivu na hutaka mkono mmoja.

"Ile nati?" aliuliza.

"Ile nati."

"Ya kushoto?"

"Zote mbili, fundi. Ya kushoto peke yake uliimaliza haraka mno."

"Na baada ya ndoa haukuharibika tena," alisema Bwana Spana polepole. "Niliwaambia watu nimeuponya."

"Si uliuponya?"

Kijana aligeuka ukutani kucheka. Akakumbuka, akageuka tena mbele, ili bibi aone kwamba anacheka. Bwana Spana alijaribu kukasirika, uso ukamkatalia. Akaomba kipande kile kirudiwe, akakitazama kwa makini kama atazamaye mashine ya aina mpya, akimfuata Chiriku mdomo kwa mdomo. Mkewe akamwonyesha neno moja moja lilipo. Aliposhika lile la nati, alilitamka naye bila sauti, vibaya sana.

Waliibeba filamu nyumbani katika diski mpya, na kijana akawapa nakala ya pili wamwekee binti yao, na ya tatu akabaki nayo rafuni kwa hiari yake. Alasiri ile Mama Jora alikunja kitambaa cha televisheni. Alikaa kitini pake, naye mumewe, badala ya kukaa kwenye kochi, akaleta stuli akaketi kando yake, kwa kuwa sasa hapakuwa na mlio wa kumlaza na yalikuwapo maneno ya kujifunza. Wanawake wakatokea. Mama Jora akawajibu mmoja mmoja. Palipokosekana kipande, alimsimulia mumewe kilichokuwapo. Zilikuwa nafasi chache, si fupi zote; katika mojawapo alikuwapo mama mmoja akicheza kati ya mitambo, na sasa hayupo popote isipokuwa katika kusimuliwa.

Mwishoni mitambo inazimwa. Bila sauti, kitu hicho kinaonekana kidogo sana: vibao vinaacha kuruka, vumbi la pamba linashuka. Wanawake wamesimama. Kisha midomo yao inakuwa midogo, kama ya watu wa kawaida, kwa sababu kwa mara ya kwanza katika ukumbi ule mtu anaweza kusema akasikika. Chiriku anatazama juu, anageuka kwa jirani yake, anasema jambo fupi kwa midomo hiyo midogo, na betri inaisha.

Miaka yote sauti ya televisheni ilikuwa ikilisema jambo hilo, bila Mama Jora kulisikia. Sasa haikusema, na Bwana Spana, aliyelizoea kama mtu anavyozoea ngazi ya mwisho gizani, akajikuta analisema yeye. Mkewe alikuwa amemgeukia.

"Umesema nini?"

"Si mimi. Chiriku. Ndivyo anavyosema pale."

"Pale ananiaga. Anasema kwaheri."

"Hasemi kwaheri. Anauliza, 'Haya madirisha atayafunga nani?'"

Alilirudia kwa midomo iliyofunguliwa sana, akitazama machoni, neno baada ya neno. Kila jioni aliyetoka mwisho ndiye aliyefunga madirisha ya juu kwa upondo mrefu, ili vumbi la uwanjani lisikae juu ya nyuzi usiku. Mama Jora alitazama skrini iliyozimika, ambamo sasa walionekana wao wawili tu.

"Nilifikiri anasema kwaheri, nikamwitikia kwa kichwa," alisema. "Kumbe nilimkubalia."

"Ulikubali nini?"

"Wewe ulikuwa umekwenda kurudisha kamera. Nilibaki nyuma, sijui kwa nini, nikachukua upondo, nikayafunga yote. Hata lile lenye komeo bovu. Nikamkuta getini ananingoja, akanitazama, hakuuliza kitu."

Alivuta kiti karibu zaidi, akamwomba mumewe arudishe nyuma hadi pale Chiriku anapogeuka. Midomo ile midogo iliposogea, Mama Jora aliinua mkono wake na kujibu, kwa lugha ya ukumbini, kwamba yameshafungwa.